Kwa Nini Yelovitsa Huita "Dursun" Penye Ukungu

Siku ile darajani walikuwapo Stana, mke wa Mitre mjenzi. Mama mkwe wake, Velika. Mtoto mchanga wa kiume ambaye alikuwa hajapewa jina. Na Dursun, mwenye nyumbu. Hapakuwa na mtu mwingine. Nyumbu watatu walikuwapo pia, na wazee wetu hawapendi wasahauliwe, kwa sababu wao ndio waliomwona mtoto kwanza na kusimama.

Ilikuwa zamani, wakati Sultani wa Istanbul alipokuwa bado akiitawala milima hii ya Rodopi. Kijiji chetu cha Yelovitsa kilikuwa na pande mbili. Upande wa juu waliishi Wakristo wa Kibulgaria na kanisa lao. Upande wa chini waliishi Waturuki na msikiti wao. Katikati ulipita mto, na juu ya mto lilikaa daraja la mawe. Kila kitu kilivuka daraja lile. Chachu ya maziwa ilivuka, na kaa la moto, na ungo, na jogoo wa kuazima. Msiba ulipoingia upande mmoja, upande wa pili ulipika ukaleta chakula, ukaosha na vyombo. Majina tu ndiyo hayakuvuka. Upande wa juu walikuwapo akina Petko na Mitre. Upande wa chini walikuwapo akina Orhan, Murat na Yashar. Mtu alizaliwa, akaishi na akazikwa na jina la upande wake, na hakuna aliyewaza kwamba ingeweza kuwa vinginevyo.

Stana alikuwa amezaa kabla ya hapo, na watoto wake wote walimponyoka kabla ya kuota meno. Mwanamke aliyepoteza hivyo, desturi ya milima hii ilimwachia njia moja. Alimchukua mtoto asiye na jina, akamlaza njiani asubuhi, kisha akajificha. Mtu wa kwanza kupita alipaswa kumwokota, kumpa jina na kuwa kumu wake. Kumu ni ndugu wa jina. Yeye ndiye humkata mtoto nywele za kwanza akitimiza miaka mitatu, na hakuna nyumba inayomnyima kumu kiti karibu na moto. Mauti ikija kuuliza, "Mtoto wa Stana yuko wapi?" itaambiwa, "Stana hana mtoto. Huyu ameokotwa njiani."

Velika hakutaka kuiachia bahati kazi yote. Alikuwa amepatana na mke wa mtengeneza mishumaa, mwanamke mwenye watoto wengi na wote wazima, apite wa kwanza darajani. Lakini mke wa mtengeneza mishumaa alikawia akimnyonyesha mtoto wake, na kengele za nyumbu zikasikika kutoka upande wa chini.

"Pita kando, Dursun!" Velika alipiga kelele nyuma ya ukuta, akisahau kwamba amejificha. "Pita, huyo si wako!"

"Mama Velika, daraja halina kando," Dursun alijibu. "Nikipita kando natumbukia mtoni, mimi na chumvi yenu."

"Basi rudi ulikotoka!"

"Mwambie nyumbu arudi. Mimi amenishinda tangu ujana wake."

Stana akatoka mafichoni. Alikuwa bado dhaifu kwa uzazi, na alijishika ukutani. "Mwache, mama," alisema. "Aliyetangulia ametangulia."

Dursun alikuwa mjane asiye na mtoto, na nduguye pekee aliyebaki alikuwa dada yake, Nazife. Wanaosimulia hawasahau kutaja kwamba hakumnyakua mtoto papo hapo. Mikono yake ilikuwa baridi kwa kushika kamba za mizigo, kwa hiyo aliiingiza kwanza chini ya shingo ya nyumbu, penye manyoya mazito, akangoja hadi ipate joto. Ndipo alipoinama akamwinua.

"Sijui majina yenu," alisema. "Na ya kwetu mengi ni mazuri, lakini sijui kama yana nguvu. Najua moja tu. Mama yangu alizika kaka zangu wote, na nilipozaliwa mimi akaniita Dursun, yaani 'abaki.' Na mimi nimebaki mpaka mvi. Nampa hilo."

"Jina la Kituruki!" Velika akashika kichwa. "Padri atasema nini?"

"Mwache padri aseme, mama, na mtoto akae," Stana alijibu.

Dursun akaweka mdomo kwenye sikio la kulia la mtoto, akalisema jina mara tatu kama walivyofanya kwao. Mtoto akapiga chafya. Velika, ambaye alikuwa bado amekasirika, akavua shali yake akawafunika wote wawili, mtoto na mwanamume, kwa sababu upepo ulikuwa ukipanda kutoka mtoni.

Padri alinung'unika kweli. Kisha akasema maji hayajui Kituruki wala Kibulgaria, akambatiza.

Lakini siku zile pande zote mbili ziliamini jambo ambalo leo hatuliamini. Waliamini kwamba jina la kumlinda mtoto humshika mtu mmoja tu katika kijiji. Wakilichukua wawili, Mauti ikija kuita hujibiwa na wawili, nayo humchukua aliye dhaifu. Kwa hiyo jioni ileile Dursun alipita mlango kwa mlango, juu na chini, akawaomba watu wasimwite tena kwa jina lake.

"Nikuiteje sasa?" dada yake Nazife alimuuliza. "Hee, wewe? Kama mbuzi aliyeingia kwenye kabichi?"

"Niite kaka, kama unavyoniita ukitaka kuni."

"Nami nikiwa na hasira?"

"Ukiwa na hasira huniiti, unanirushia mwiko."

Walicheka. Lakini Nazife alipokuwa akiosha vyombo aliliita jina lile kimya, bila sauti, ili midomo yake isilisahau. Yeye ndiye aliyesimulia hivyo baadaye.

Watu wakamwita Kumu. Upande wa juu Kumu, upande wa chini Kumu. Akalizoea neno hilo jinsi mtu anavyolizoea koti la kupewa. Mtoto akaota meno, akatambaa, akasimama kwa kushika mkia wa nyumbu. Kila Dursun mzee alipopita nyumbani kwa Stana wakati wa usingizi wa mtoto, alizivua kengele za nyumbu na kuzivika tena mbele ya kanisa. Stana alimwona dirishani mara nyingi. Hakuwahi kumshukuru kwa hilo, maana alidhani bado kuna wakati.

Sasa ni lazima mjue ukungu wa hapa ulivyo. Hushuka kutoka mlimani mwisho wa vuli, mchana kweupe, na mtu hauoni mkono wake. Kengele haisaidii. Ikigongwa, kila mwamba huigonga tena, usijue ipi ni ya kanisa na ipi ni ya genge. Sauti nazo ni hivyo hivyo. Wapo walioifuata sauti ya mwamba wakaanguka. Kwa hiyo watoto wa pande zote mbili walifundishwa amri moja kabla hawajafundishwa sala: ukipotea ukunguni, simama. Sauti isiyotaja jina lako usiifuate wala usiijibu. Inayotaja jina lako ni ya watu wako. Ijibu, usiondoke, nao watakufikia.

Vuli moja, mtoto alipokaribia kutimiza miaka mitatu, alipata surua. Siku hizo hizo Kumu alikuwa amevuka mlima kufuata chumvi ya majira ya baridi, kama kawaida yake. Mitre naye alikuwa mbali, kwenye kazi ya ujenzi bondeni. Asubuhi moja ukungu ulishuka, na theluji ya kwanza ikashuka ndani yake. Kabla ya adhuhuri nyumbu wote watatu walifika darajani peke yao, wamebeba chumvi, kamba zikiburutika chini.

Pande zote mbili zilitoka. Imamu alitoka na padri alitoka, na mke wa mtengeneza mishumaa akagawa mishumaa yote ya dukani bila kuuliza nani atairudisha. Walipanda hadi ukingo wa mashamba ya mwisho, mahali ambapo njia huingia mawinguni, wakasimama mstari mmoja wameshikana mikono ili asipotee mwingine. Wakaita.

"Kumu! Kumuuu!"

Mlima ukajibu Kumu, Kumu, kutoka kila upande. Mtu hakujibu.

Ndipo Nazife aliposhuka mbio hadi nyumbani kwa Stana. Stana alikuwa ameketi na mtoto mapajani. Mtoto alikuwa mwekundu kama tofali na macho yake yalikuwa yamegeuka juu. Velika alikuwa akimbadilishia kitambaa cha maji.

"Jirani," Nazife alisema mlangoni, "nimekuja kukuomba jina la kaka yangu. Hawezi kujibu neno Kumu. Kumu wako wengi duniani. Amefundishwa asijibu."

Stana hakuinua uso. "Ukiliita leo, nani atajibu, Nazife? Mtazame huyu. Mauti imekaa hapa hapa kwenye kizingiti tangu jana, inasikiliza. Jina hilo likiitwa kijiji kizima, itamsikia mwanangu akiitwa, na itamchukua."

"Na kaka yangu?"

"Kaka yako ni mtu mzima. Amelala milimani mara ngapi? Nipe mpaka homa ishuke, dada. Nipe mpaka hapo tu."

"Theluji haitoi mpaka hapo."

"Nimezika wote, dada! Wote! Huyu ndiye aliyebaki!"

Velika alisimama, kitambaa mkononi kikitiririka maji sakafuni.

Mnaosikiliza, msimhukumu Stana upesi. Mwenye mtoto mgonjwa mapajani ana masikio ya aina nyingine. Wala msimhukumu Nazife, ambaye hakuhitaji ruhusa ya mtu. Jina lilikuwa la kaka yake kabla halijawa la mtoto, naye alikuwa na mdomo wake. Alirudi hadi ukingo wa mashamba. Akasimama mbele ya mstari wa watu, akavuta pumzi, na wote wakamwona akifungua kinywa. Kisha akageuka akatazama chini, kulikokuwa na nyumba ile ambayo hata moshi wake haukuonekana kwa ukungu. Akafunga kinywa. Akaketi juu ya jiwe, akajifunika ushungi. Waliokuwa karibu naye walielewa, kwa maana hapakuwa na nyumba Yelovitsa ambayo haikuwahi kuzika mtoto. Nao hawakuita. Waliendelea na Kumu, Kumu, hadi sauti zikakauka.

Alasiri mtoto alitoka jasho. Alifumbua macho, akaomba maziwa. Stana alimweka mikononi mwa Velika, akatoka pekupeku, hakukumbuka viatu. Alipanda mbio akipita katikati ya watu, akapita hata mwisho wa mstari, akiita kwa nguvu zake zote.

"Dursun! Dursun! Dursun!"

Wote wakaita pamoja naye, wanaume na wanawake, wa juu na wa chini. Jina ambalo mzee hakuwa ameitwa nalo tangu siku ile ya daraja lilijaa bonde zima. Nazife alisimama naye akaliita, na sauti yake ilijulikana kati ya zote.

Ukungu uliinuka wakiwa bado wanaita. Hakuwa mbali. Alikuwa juu ya shamba la mwisho, mahali ambapo watoto hupeleka mbuzi, ameegemea mwamba, uso wake ukielekea kijijini. Theluji ilikuwa imemfika mapajani na haikuyeyuka mikononi mwake. Na mbele yake kulikuwa na nyayo. Zilitoka kwenye mwamba zikaja upande wa sauti, zikakoma, zikarudi. Zikaja tena, zikakoma, zikarudi. Theluji ilikuwa imekanyagwa mpaka ikawa barafu. Alikuwa amesikia kila walipoita. Kila mara aliinuka kuja, kila mara akakumbuka alichofundishwa na mama yake, akarudi kungoja wamwite.

Stana alivua kitambaa chake cha kichwa akamfunga kidevu, kwa sababu aliona Nazife hawezi kufunga fundo. Hakuna aliyemwambia Stana neno la lawama. Wanaosimulia husema ingekuwa rahisi zaidi kwake kama wangemlaumu.

Baada ya maziko Stana alikwenda upande wa chini, akagonga mlango wa Nazife. Hakuingia, alibaki nje.

"Nimekuja kukurudishia jina lenu," alisema. "Nitamtafutia mtoto jingine."

"Jina si ungo, mke wa Mitre, unaoutumia na kuurudisha. Alilitoa kwa moyo. Ukimvua mtoto, kaka yangu atakuwa amekufa bure."

"Basi nifanye nini? Sema. Lolote."

"Tulilifanya kuwa la mtu mmoja, ndiyo maana halikutosha wawili," Nazife alisema. "Tungelikuwa tumelifanya la wote, tungeliita. Mauti ingeuliza nani Dursun, na kijiji kizima kingeitika. Ingemchukua nani?"

Nywele za mtoto zilipokatwa, kiti cha kumu karibu na moto kilikuwa kitupu. Stana alimwomba Nazife akikalie. Nazife alishika mkasi, lakini kabla ya kukata alimnong'oneza mtoto jina la kaka yake. Kisha akawaita watoto wote wa kiume waliokuwa uani, wa msikiti na wa kanisa, akamnong'oneza kila mmoja jina lile lile sikioni, juu ya jina alilokuwa nalo. Imamu alikuwapo, akatazama pembeni. Padri alikuwapo, akajishughulisha na mkate. Wazee wetu huuita huo wema wao, kwa sababu kila mmoja angeweza kukataza.

Na tangu siku hiyo, hapa Yelovitsa mtoto hakatwi nywele za kwanza mpaka anong'onezwe jina la Dursun, awe wa upande wowote. Mtu akipotea ukunguni, hatuiti jina lake. Tunaita Dursun, awe Petko, awe Orhan, awe mgeni aliyekuja kununua jibini. Watoto wetu wanafundishwa kwamba sauti inayoita hivyo ni ya watu wao, na waijibu hata kama hawalioni kuwa jina lao. Ndiyo sababu pia majina yalianza kuvuka daraja. Wana wa yule mtoto waliitwa wa Dursun, na wajukuu wao hivyo, hata leo kuna familia yenye msalaba juu ya mlango iitwayo akina Dursunov. Sultani alikwenda zake. Askari wake walikwenda. Waturuki wengi wa upande wa chini nao walipakia magodoro kwenye mikokoteni wakahamia Istanbul, wengine wakilia, na msikiti ukabaki na watu wachache. Jina halikuhama. Liko kwenye midomo ya watu ambao hawajui tena neno jingine la lugha hiyo.

Wengi wamejibu kwa jina hilo na kurudi nyumbani. Mwenyewe ndiye hatukumwita kwa wakati.

Nazife hakuhama. Majira ya baridi yaliyofuata Stana alimpasulia kuni, akazipanga mlangoni pake bila kugonga, na Nazife akaziingiza ndani.